Mjukuu wa Chuma

Kocha alitembea kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Mikono yote miwili aliikunja kifuani, mmoja chini ya kifurushi na mwingine juu yake, na akikuta jiwe barabarani alilizunguka badala ya kuliruka. Ndivyo alivyoshuka kila Jumapili kutoka Gahanga hadi Gikondo, mjini Kigali, baada ya misa, na sisi wa kilabu cha upinde tulimtambua kwa mwendo huo kabla hatujaona sura. Ndani ya kifurushi hamkuwa na mtoto. Mlikuwa na kipande cha chuma kilichonikosesha raha kwa miaka mitatu, kwa sababu niliamini siku moja kitamuua.

Nieleze kwanza chuma chenyewe. Upinde wa mashindano si fimbo moja iliyopindwa ikafungwa kamba. Una mabawa mawili yanayojikunja, na katikati una kishikio, pale mkono unaposhika, na mabawa hukazwa juu na chini yake kwa skrubu. Kishikio cha mbao kinapatikana kwa bei ya kawaida. Kipo pia cha chuma, kilichochongwa na mashine huko Ulaya, chenye matundu ya kufungia kilengeo pembeni na fimbo ndefu ya kutuliza upinde mbele. Hicho bei yake ni wazimu. Kocha alikinunua mwanzoni mwa mwaka 1990, kwa kuuza pikipiki yake.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Rwezamenyo, nimekulia dukani kwa mama yangu katikati ya marobota ya vitenge, na ulimi wangu hauna breki. Kilabuni nilijiunga kwa ubishi tu, baada ya mtu mmoja kusema mbele yangu kwamba mwanamke hawezi kuvuta upinde hadi kidevuni. Kwa hiyo siku Kocha alipokifungua kile kifurushi mara ya kwanza, wenzangu wakiwa wameachama kwa mshangao, mimi nilisema nilichokuwa nacho moyoni.

"Kocha, umeuza piki ukanunua mpini?"

"Si mpini, Zaina. Iko kishikio."

"Sasa kutoka Gahanga utakuja na nini?"

"Na miguu. Miguu haiombi essence kama piki."

Kilikuwa kizuri, siwezi kudanganya. Rangi yake ilikuwa bluu iliyokolea kama chupa ya dawa, na mwanga ulipita katika matundu yake ukaanguka chini kwa vipande. Nikanyoosha mkono nikiguse. Alinipiga kofi dogo la vidole, kama mama anavyompiga mtoto anayedokoa nyama jikoni.

Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule za sekondari hadi alipostaafu, na ualimu haukumtoka. Uwanja wetu ulikuwa kipande cha ardhi nyuma ya maghala ya Gikondo, na shabaha zetu zilikuwa magunia ya kahawa tuliyoyashindilia nyasi na kubandika karatasi yenye duara juu yake. Kocha alisimama nyuma ya kila mmoja wetu akifoka. "Bega chini! Bega chini, unataka kuruka kama kuku?" Alitufundisha utulivu kwa kelele. Mtu yuleyule aliyetwambia tupumue polepole kabla ya kuachia kamba hakuweza kusimama kwenye foleni ya posta bila kugombana. Chai hakunywa kabla ya kulenga, akisema inamtetemesha; alikula kiazi kitamu kimoja kilichochemshwa, kikavu, akikitafuna kwa huzuni. Mazoezi yakiisha alitafuta pombe ya ndizi na hapo mikono ikatetemeka apendavyo.

Ukinzani wake mkubwa ulikuwa huu. Mgeni akija kilabuni na kuuliza anunue nini, Kocha alimkataza kwa ukali kununua chochote cha bei. Alimpa upinde wa kilabu wenye kishikio cha mbao, uliogundishwa na kugundishwa tena, akamwambia huo unamtosha mpaka nywele zimtoke. "Chuma haiwezi kulenga mahali pako," alisema, na wakati anasema hayo mkono wake unapangusa kile cha bluu kwa kitambaa laini alichokatiwa na mkewe kutoka kwenye shuka la zamani.

Jambo hilo lilimkera hasa Bosco. Bosco alikuwa fundi wa gereji palepale Gikondo, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na aliona kwamba tunachezewa akili. Kishikio ni aluminiamu tu, alisema, na aluminiamu anayo tele. Akakusanya pistoni zilizochakaa, akaziyeyusha, akamwaga kwenye mchanga, akachonga kwa tupa jioni baada ya jioni, na Jumapili moja akaja na kishikio chake, kizito, chenye rangi ya sufuria. Kocha alikigonga kwa kucha, akasikiliza, akasema tusogee nyuma. Bosco akavuta. Kilivunjika kwa mlio kama wa risasi, bawa la juu likamrudia usoni likampasua mdomo. Wakati tunamfunga kwa leso yangu, Kocha alikusanya vipande akatuonyesha palipovunjika, na ndani mlikuwa na vitundu kama vya mkate.

"Cha mbao ni maskini na inajua yenyewe ni maskini," alimwambia Bosco kwa upole usio wa kawaida yake. "Hii ya wewe ilikuwa inavaa suti ya kuazima. Pole, sha."

Hapo nikaona nafasi ya kumbana. Nikamuuliza mbele ya wote, kati ya cha mbao na cha kwake, tofauti ni ipi? Maana nilishamhesabia karatasi zake, na alama alizopata na cha chuma hazikuzidi sana alizopata zamani na cha mbao. Alifikiri, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi kabla ya kunijibu.

"Siku ya kawaida, hakuna. Mkono ukiwa mzuri, hata mbao inakwenda pale pale. Lakini siku mkono unatetemeka, hii inatetemeka kidogo kuliko wewe. Ina uzito, inakataa."

"Kwa hiyo umeuza piki kwa ajili ya siku moja ya kutetemeka?"

"Yego. Hiyo siku moja."

"Na nani amekwambia itakuja?"

Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayeuliza kama kitenge kitachuja, akaenda kuchomoa mishale. Hiyo ilikuwa katikati ya mwaka 1990. Oktoba vita ikaanza kaskazini.

Wale waliokuwa Kigali Oktoba ile hawahitaji kuelezwa, na wasiokuwapo nitawaambia machache. Askari waliingia nyumba kwa nyumba wakitafuta silaha na watu waliodaiwa kuwasaidia waasi. Kitambulisho cha Kocha kilisema yeye ni Mtutsi, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu alale na viatu. Watoto wake watatu walikuwa wanaishi Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, na hilo nalo lilikuwa kosa. Kisha, juu ya yote, ndani ya nyumba yake mlikuwa na kitu cha chuma chenye skrubu, matundu na fimbo nyeusi ndefu kama mtutu, ambacho hakuna askari aliyewahi kukiona maishani mwake. Nilikuwa nikiwaza hayo usiku na mchana.

Kilichotokea siku ya msako alinisimulia mkewe, tuliyemwita Madamu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya. Lori lilisimama njiani, wanaume wote wakatolewa nje wakakalishwa kwenye nyasi. Madamu alibaki ndani na kile kishikio kitandani, maana Kocha alikuwa akikipangusa. Akakitazama, akakisikia kizito mikononi, akakizungushia nguo ya kubebea mtoto, akakaa kitandani akakipakata na kuanza kukiimbia. Askari waliingia. Wakapekua mabegi, wakamwaga unga. Ukutani sebuleni palikuwa na upinde wa kienyeji wa mbao, ule wa kurushia mshale katika sherehe, wenye nguvu ya kumtoboa nguruwe mwitu upande hadi upande. Askari mmoja aliushusha, akaijaribu kamba yake, akausifu kwamba huo ndio utamaduni wetu, akaurudisha ukutani kwa heshima. Halafu akageukia chumbani.

"Huyo ni nani?"

"Mjukuu wangu. Hajapewa jina bado. Mama yake ameenda kuoga."

Kwetu mtoto mchanga hatolewi nje wala haonyeshwi watu kabla ya siku yake ya kupewa jina. Askari yule alikuwa amelelewa. Alivua kofia, akarudi nyuma kwa kunyata, akawaambia wenzake watoke wasimwamshe mtoto. Kitu chenye uwezo wa kuua kilibaki ukutani kimesifiwa, na kile ambacho bila mabawa na kamba hakiwezi kuua hata kifaranga ndicho kilichotaka kuwamaliza wote wawili.

Tangu siku hiyo chuma kikaitwa Mjukuu. Tulicheka hadi machozi, Madamu akiigiza alivyokibembeleza, na mimi katikati ya kicheko nilimgeukia Kocha nikamwambia sasa basi, amekwisha kuona, akitupe chooni. Kicheko kikakatika.

"Haitupwi."

"Basi kiache dukani kwetu Rwezamenyo. Nitakifunga katikati ya robota, hata mama hatajua. Mimi kitambulisho changu hakina shida, nani atatafuta kitu kwetu?"

"Na skrubu zake? Nani atazikaza? Wewe?"

"Kocha, watu wanakamatwa kwa ajili ya redio ndogo!"

"Najua."

"Ni mpini tu huo!"

Akaanza kukifunga upya. Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Niliona ni kiburi cha mzee aliyelipa bei kubwa na hawezi kukiri kwamba aliliwa. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama kwamba sitakwenda tena kilabuni, na Jumapili iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika, nikamsubiri barabarani hadi nilipoona ile mikono iliyokunjwa kifuani.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mwaka wa tisini na moja na wa tisini na mbili. Kwenye barabara ya kwenda Bugesera waliweka bariyeri, gogo juu ya mapipa mawili na askari wanaokagua kila anayepita. Kocha alijua vijia vyote vya migombani vya kuizunguka. Mvua ikinyesha vijia vikawa utelezi, alifika ametapakaa tope hadi magotini na Mjukuu akiwa mkavu kabisa. Kuna Jumapili alichelewa na sisi hatukuvuta hata mshale mmoja. Bosco alikuwa akitengeneza kitu ambacho hakikuharibika, mimi nikikunja na kukunjua mtandio wangu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Akitokea nilimgombeza kwa kuchelewa. Alidhani nina tabia mbaya.

Kusema alikuwa shujaa ni kutia chumvi. Aliogopa. Niliona kwamba alianza kugeuka nyuma kila akisikia gari, na kwamba kiazi chake alikuwa akikiacha nusu. Nilipomuuliza Madamu kwa faragha kwa nini hamshauri mumewe, alisema alikwisha kumshauri, na kwamba mzee alimjibu hivi: wamemnyima kazi ya kufundisha hata saa chache za kujitolea, watoto hawezi kuwaona, piki hana, na ile njia ya Jumapili ndiyo kitu pekee anachokwenda kukifanya kwa sababu yeye ametaka. Nilimwelewa. Lakini bado nilitaka kitupwe.

Mwanzoni mwa 1993 vita ilisogea, watu waliokimbia kutoka kaskazini wakajaza viunga vya mji, na askari wakawa na hasira. Jumapili moja Kocha hakufika. Mchana dereva mmoja mteja wa Bosco akaja na habari kwamba mzee wa Gahanga mwenye kifurushi amekamatwa kijiani, askari walikuwa wamehamishia doria migombani, na sasa yuko bariyerini. Jioni lori linalochukua waliokamatwa litapita. Waliopanda lori hilo hatukuwa tukiwaona wakirudi.

Bosco hakuweza kwenda. Kitambulisho chake kilikuwa sawa na cha Kocha. Nikafunga mtandio vizuri, nikachukua karatasi za shabaha, sijui kwa nini, nikaenda.

Nilimkuta amekaa chini bila viatu, jasho limemkauka usoni. Walikuwa wamemfunga viwiko nyuma kwa muda mrefu, na ingawa sasa wamemfungua, vidole vyake vilikuwa vimevimba na havikunji. Mbele yake kwenye meza ya mbao Mjukuu amelazwa, mabawa, kamba na mishale pembeni, ile fimbo nyeusi peke yake katikati kama ushahidi. Nyuma ya meza alikaa ajida, mkuu wa askari wa pale, mwanamume mnene kiasi, aliyenyoa vizuri. Askari wetu walipenda Kiswahili wakitaka kumtisha mtu, naye alikipenda zaidi ya wote.

"Wewe ni nani yake?"

"Mwanafunzi wake, Shefu. Huo ni upinde wa michezo."

"Mchezo. Na hii mtutu?"

"Si mtutu. Ni fimbo ya kutuliza mkono."

"Nyinyi wote iko na jibu." Akasukuma vitu mezani. "Mzee anasema ni mchezo. Unganisha. Nione huo mchezo."

Kocha akanyoosha vidole vyake vilivyovimba ili vionekane. "Mimi siwezi, Shefu. Huyu mtoto ataweza."

Nilianza kuunganisha kwa kuchelewachelewa. Maana niliona mtego papo hapo, na nilijua Kocha naye ameuona. Nikikosa, ni waongo, hakuna mchezo wowote, na mzee anapanda lori. Nikipiga vizuri, basi hii ni silaha inayoua bila kelele, na mzee anapanda lori. Nilimtazama anipe ishara. Alikuwa akitazama skrubu nilivyokuwa nikizikaza.

"Taratibu na hiyo ya chini," alisema. "Usilazimishe."

Ajida akaonyesha jerikani ya njano kwenye ukingo wa barabara. Kocha akatikisa kichwa, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya darasani.

"Oya, Shefu. Jerikani hapana. Huu mchezo una karatasi yake. Zaina, bandika."

Nikabandika karatasi kwenye ukingo wa udongo, chini ya jerikani. Nilirudi, nikamwinua Mjukuu kulenga kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Miaka mitatu ya kumtukana, na sikuwahi kujua uzito wake. Nyuma yangu nilisikia askari akiondoa usalama wa bunduki. Mikono yangu ilitetemeka vibaya kiasi kwamba mshale uligongagonga kwenye chuma, na wote walisikia.

Mshale wa kwanza uliingia pembeni kabisa mwa karatasi. Ajida akaguna.

"Bega," alisema Kocha.

Nikashusha bega. Nikavuta tena, na sasa nilihisi alichokuwa akisema. Moyo ulikuwa ukinidunda hadi kwenye vidole, na kile chuma mbele ya mkono wangu kilikuwa kimesimama. Mimi nilitetemeka, chenyewe kikakataa. Nikaachia. Mshale ukaingia katikati ya duara la karatasi, na uliofuata ukasimama karibu nao kiasi cha kugusana manyoya.

Ajida alisimama, akatembea hadi kwenye ukingo, akaweka kidole kati ya mishale miwili. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika na sikujua umebadilika kuelekea wapi.

"Kwa hiyo hii inaua," alisema.

Kocha alijiinua kutoka chini, polepole, akijishika mapajani. Alisema, "Shefu, unataka kujaribu?"

Mimi, ambaye nilipigwa kofi la vidole kwa kutaka kugusa, nilimwona akimtoa Mjukuu mikononi mwangu kwa viganja vyake vilivyovimba na kumpa ajida. Akazunguka nyuma yake bila viatu. Akamsogeza mguu kwa mguu wake. Akampandisha kiwiko kwa kifundo cha mkono, maana vidole havikufanya kazi, na ajida wa serikali akakubali kusogezwa.

"Usibane. Shika kama unashika mkono wa mtoto. Bega chini. Bega chini, Shefu, unataka kuruka kama kuku?"

Askari mmoja alicheka akajizuia. Ajida akashusha bega. Akaachia. Mshale ukachana kona ya karatasi, na yule mwanamume akageuka na uso wa mtoto aliyepata zawadi. Akaomba mshale mwingine. Na mwingine. Akaanza kuuliza: kimetoka nchi gani, ni bei gani, mjini nani mwingine anacho? Kocha akamjibu kwamba hakuna mwingine, kwamba kiko kimoja tu Kigali nzima, na kwamba yeye aliuza piki ili kukipata. Ajida alisikia hilo la piki na akakipapasa kile chuma kwa kidole gumba.

"Hii inabaki hapa," alisema.

"Inabaki, Shefu."

"Kwa uchunguzi."

"Kwa uchunguzi. Lakini uwe unaipangusa na kitambaa laini. Jasho ni mbaya kwake."

Ajida alikuwa tayari anachukua mshale mwingine. Bila hata kutugeukia, akapunga mkono kwamba tuondoke. Kocha alichukua viatu vyake, akavishika mkononi, na tukaenda kwa hatua za kawaida hadi tulipopita kona. Hapo nikakaa barabarani nikalia kwa sauti. Yeye alisimama kando yangu akivaa viatu kwa shida.

"Bega lake ni baya sana," alisema.

Baada ya hapo kilabu kilikufa chenyewe. Bosco alivuka kwenda Burundi na hakuandika. Mimi nilibaki dukani, na kwa mwaka mzima sikumwona Kocha zaidi ya mara chache, sokoni, mikono yake ikiwa imekunjwa kifuani palepale bila kitu.

Mara ya mwisho ilikuwa Machi 1994. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na nilipoinua macho kutoka kwenye kitenge nilichokuwa nikikipima, alikuwa amesimama mlangoni, amelowa, amekumbatia kifurushi. Nilidhani amemrudisha Mjukuu. Akaweka kifurushi juu ya robota, akafungua, na ndani mlikuwa na kishikio cha mbao alichokichonga mwenyewe kutokana na mti wa shambani kwake. Alikuwa amekilainisha hadi kinang'aa, na pale pa kushika amechimba umbo la mkono mdogo.

"Yako," alisema. "Nilikumbuka mkono wako."

Nikakishika. Kidole gumba kiliingia mahali pake kana kwamba kilizaliwa hapo. Nikamwambia kinanikaa kuliko kile cha chuma.

"Kukaa, sawa. Lakini usiongope, Zaina. Kile kilikuwa bora."

"Bora hadi kuuza piki?"

Nilisema kwa kutania, kwa mazoea. Yeye akakaa juu ya robota, akajipangusa mvua usoni kwa kiganja, akanijibu kama mtu aliyepewa swali la mtihani alilolisubiri.

"Fikiria ile siku ningekuwa na hii ya mbao. Ajida angefanya nini?"

"Angekuacha uende zako."

"Hapana. Angeiweka kwa moto, achome mahindi. Halafu mimi jioni, lori." Akapiga goti kwa kiganja. "Alimtamani Mjukuu, akanisahau mimi. Nani anatamani mbao? Piki yangu ilifanya kazi yake yote, usiseme tena vibaya juu yake."

Barabarani walipita vijana wa chama tawala, wale waliowachukia Watutsi, wakipuliza firimbi, wakiimba, wameloa na hawajali. Tulisubiri hadi sauti zikaisha. Nikamwambia mama yangu amesema chumba cha nyuma kipo wazi, yeye na Madamu waje wakae kwetu, Rwezamenyo watu wanafichana. Nilisema kwa haraka.

"Maharage yameota sasa hivi tu," alisema. "Tukivuna, tutakuja."

"Yaache maharage, Kocha!"

"Tukivuna."

Alisimama mlangoni akiitazama ile mvua, kisha akanigeukia akiwa na kitabasamu. "Unajua, sasa sina kitu ingine ya mtu kutamani."

"Unaye Madamu," nikamwambia.

Akacheka, kicheko kikubwa ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akatoka. Nilimtazama akishuka kuelekea Gikondo, mikono yote miwili imekunjwa kifuani mtupu, akiyazunguka mawe. Mwezi uliofuata ulikuwa Aprili, mauaji ya Watutsi yakaanza. Maharage ya Gahanga yalivunwa na watu wengine.